Nachora maisha ya kijiji kwenye kuta za njia kuu: rangi inabanduka, na bibi mmoja kaniambia mwanamke wangu hatwangi. Nisaidieni

MchoraMabango:

Salaam wakuu,

Naomba msaada wenu, na mnivumilie maana maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni mchora mabango. Miaka 14 nimeishi kwa brashi: majina ya maduka, namba za magari, vichwa vya vinyozi, tangazo la fundi viatu. Safari hii kamati ya kijiji kimoja imeniita nichore picha kwenye kuta za nyumba zinazotazama njia kuu. Kuta 12. Maagizo ni mafupi: maisha yetu na mila zetu, mgeni akipita ajue amefika kwa nani. Sijawahi kupewa kazi niliyoipenda kama hii, ndiyo maana nimekuja kuuliza kabla sijaiharibu.

Ukuta wa kwanza nimeumaliza. Wanawake wawili wanatwanga, kinu katikati, nyuma yao ghala, jua linachomoza. Watu walisimama wakapiga picha kwa simu. Siku ya nne akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akautua, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu mpaka nikashuka kwenye ngazi. Akaniuliza, “Huyu wa kushoto anafanya nini?” Nikamjibu, anatwanga, bibi. Akasema, “Huyo hatwangi. Anagombana na mchi. Jioni hana viganja.” Akajitwisha mzigo wake akaenda zake.

Nimeutazama ule mchoro siku tatu na sioni kosa. Mikono ipo, mchi upo, mgongo umeinama. Nilichora kutoka kichwani, kwa picha ambazo sote tumeziona tangu utotoni. Lakini yule bibi ametwanga maisha yake yote, na mimi sijatwanga hata siku moja. Siwezi kumwambia amekosea.

La pili ni rangi. Nyumba yenyewe ni ya matofali ya udongo, imepigwa lipu ya saruji kwa nje. Nilipaka praima, nikaja na rangi ya maji ya kawaida ya dukani. Mvua mbili tu zimepita, na kuanzia chini mpaka kimo cha goti rangi inatoa magamba. Ukilibandua gamba, nyuma yake kuna unga mweupe kama chumvi. Miguu ya wanawake wangu wote wawili inaondoka.

Na la tatu ni vijana. Wanakaa pale kwenye kona jioni, wakaniuliza bila ubaya wowote: “Kaka, mbona sisi hatumo? Kijiji hiki kina pikipiki, kina simu, kina umeme. Umechora kijiji cha babu.” Kamati nayo haitaki kusikia pikipiki ukutani.

Nimebakiwa na kuta 11. Waliowahi kufanya kazi ya namna hii, au walioiona mahali, naomba mnishauri. Nianzie wapi?


FundiChokaa:

Mkuu, nianze na ukuta, kwa sababu hata ukichora vizuri namna gani, ukuta mbovu utakunyang'anya.

Huo unga mweupe ni chumvi kweli, hukukosea. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya matofali, yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye udongo, yanatafuta pa kutokea. Ukuta wa udongo umezoea kupumua: unalowa, unakauka. Ukiuvika saruji, umeufunga koti la mvua. Juu ya saruji umeweka hiyo rangi ya maji ya dukani, ambayo ikikauka ni plastiki, koti la pili. Maji yakifika nyuma ya rangi hayana njia, yanakauka palepale na chumvi inakua kama vipande vidogo vya kioo vinavyosukuma rangi kutoka ndani. Kwa hiyo usilaumu rangi, na usirudie kupaka juu yake. Utapaka mara tano, itabanduka mara tano.

Kabla hujagusa kuta 11 zilizobaki, zipime. Gonga ukuta mzima kwa vifundo vya vidole, taratibu, toka chini kwenda juu. Panapolia kama ngoma, lipu imeachana na tofali, hata kama kwa macho pako sawa. Kisha chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne karibu na chini, kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka ukutani. Weka alama kwa mkaa unyevu unapoishia. Mara nyingi utakuta ni chini ya mita moja.

Sasa cha kufanya. Bandua saruji kwenye sehemu iliyolowa na zaidi kidogo juu yake. Acha ukuta upumue wiki kadhaa kwenye kiangazi, usiwe na haraka. Uchimbe mfereji, maji ya paa yasidondokee kwenye msingi. Nusu ya magonjwa ya kuta yanatoka kwenye paa fupi. Halafu piga lipu ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi, kwa matabaka membamba, kila tabaka likamate kabla ya linalofuata. Na ile sehemu ya chini usichore kitu cha thamani. Iache iwe mkanda wa chokaa tupu au udongo mwekundu, mwenye nyumba aupake upya kila mwaka baada ya mvua. Ng'ombe watajikuna hapo, watoto watapiga mpira hapo, matope yataruka hapo. Pandisha picha yako juu ya mkanda huo na miguu ya wanawake wako itapona.

Kuhusu rangi, una njia mbili nzuri juu ya chokaa. Ya kwanza ni kuchora lipu ya mwisho ikiwa bado mbichi, kwa unga wa rangi uliochanganywa na maji tu. Chokaa inapokauka inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, rangi inafungwa ndani ya jiwe hilo. Haibanduki kwa sababu hakuna gamba la kubanduka. Ugumu wake ni kwamba unapiga lipu eneo dogo tu unaloweza kulimaliza kabla halijakauka. Waitaliano wanaita giornata, yaani kazi ya siku. Unamaliza kichwa na mabega leo, unakata ukingo safi kwa kisu, kesho unaendelea na kinu. Ukikosea hufuti, unabandua eneo lote unapiga upya. Jaribu kwanza kwenye ukuta wa nyuma ambao hakuna anayeuona.

Njia ya pili ni rangi ya silikati. Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliisajili mwaka 1878, na inashika kwenye lipu ya madini kwa kuungana nayo, huku ikiruhusu unyevu kutoka. Ni ghali na si kila duka linayo, lakini kwa ukuta unaokula mvua nyingi naiamini.

Unga wa rangi uchague kwa makini. Chokaa ni kali, inaua rangi nyingi. Udongo wa njano, udongo mwekundu, kahawia, nyeusi ya mkaa na kijani cha oksidi ya kromi vinavumilia. Zile nyekundu na pinki zinazong'aa sana zitapauka kwanza kwa chokaa, kisha kwa jua.

Na tafadhali: chokaa ambayo haijazimwa ikikutana na maji inachemka. Vaa miwani na glavu, na watoto wasikaribie pipa. Nimemuona kijana akipoteza jicho kwa uzembe wa dakika moja, na sitaki kuona tena.


NesiMhamaji:

Kaka, mimi si fundi wala mchoraji. Ni muuguzi, nimefanya kazi Italia miaka 6, na siku zangu za mapumziko nilikuwa nazunguka. Nikuambie nilichokiona Orgosolo.

Ni kijiji cha wafugaji wa kondoo, milimani katika kisiwa cha Sardinia. Picha ya kwanza ilichorwa mwaka 1969 na kikundi cha maigizo kutoka Milan kilichoitwa Dioniso. Halafu mwaka 1975 mwalimu wa sanaa, Francesco Del Casino, mtu wa Siena aliyekuwa akifundisha pale, akatoka nje na wanafunzi wake wakachora kuta kuadhimisha miaka 30 ya ukombozi wa Italia kutoka kwa ufashisti. Tangu hapo hawajaacha. Unatembea njia kuu, kila unapogeuka kuna ukuta unakutazama.

Wamo wachungaji, wamo akina mama na vilemba vyao, wamo wanaokata manyoya ya kondoo. Lakini katikati yao kuna hasira. Mwaka huohuo 1969 serikali ilitaka kuyafanya malisho yao ya Pratobello kuwa uwanja wa jeshi wa kufyatulia mizinga, na watu wa kijiji, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda kwa maelfu kuyakalia. Jambo hilo liko ukutani, karibu na mwanamke anayesokota sufu. Nilisimama pale nikaelewa kwamba kwao malisho na sufu ni habari moja. Ukichora kondoo bila kuchora nani alitaka kuwanyang'anya malisho, umechora kondoo wa kwenye kalenda.

Kilichonigusa zaidi ni kitu kidogo. Wachoraji hawakuona aibu na nyumba. Dirisha likiwa katikati ya picha, picha inalizunguka. Bomba la maji linashuka juu ya bega la mtu, limepakwa rangi ya koti lake. Mlango ukifunguliwa, nusu ya farasi inaingia ndani. Nyumba ni ya kuishi kwanza, picha ni mgeni wa nyumba.

Vijana wako wana haki. Nenda ukae nao kwenye hiyo kona jioni moja bila brashi, uwaulize wanalima shamba la nani, wanapeleka nini sokoni kwa hizo pikipiki, mto umekuwaje tangu wawe wadogo. Hayo ndiyo maisha ya kijiji.


MwanaKamati:

Nimesoma yote kwa makini, maana nami niko kwenye kamati ya kijiji, ingawa si hicho cha ndugu yetu. Naomba kutofautiana na dada hapo juu, kwa heshima.

Ukuta una mwenyewe. Msanii akishamaliza anaondoka na ngazi yake. Mwenye nyumba anabaki akiamka kila asubuhi na kile kilichochorwa. Ukimwandikia mzozo wa ardhi juu ya chumba anacholala na wanawe, jirani yake wa upande wa pili wa mzozo huo atapita hapo kila siku. Orgosolo kijiji kizima kilikuwa upande mmoja. Vijiji vyetu mara nyingi mgogoro uko kati ya kaka na kaka.

Mimi ningekushauri uandike makubaliano, hata karatasi moja: nani kakubali picha gani, itakaa muda gani, nani ataitengeneza, na mwenye nyumba akitaka kutoboa dirisha asiombe ruhusa ya mtu. Na usichore sura ya mtu halisi, aliye hai au aliyefariki, mpaka ndugu zake wamekaa na kukubali. Nilishuhudia familia ikilia mbele ya ukuta kwa sababu marehemu wao alichorwa amebeba kitu ambacho hakuwahi kubeba maishani. Ukuta ule ulipakwa chokaa usiku uleule.

Mila nazo zina milango. Zipo za kuchorwa njiani na zipo za kukaa ndani. Waulize wazee ni zipi kabla hujapanda ngazi.


NesiMhamaji:

Mzee wangu, nimekuelewa na la makubaliano nalipokea lote. Sikusema achore ugomvi wa ndugu. Nimesema asichore kijiji ambacho hakina jasho wala deni. Kisiwa hichohicho kuna kijiji kingine, San Sperate, ambako mchongaji Pinuccio Sciola alianza mwaka 1968 kwa jambo dogo sana: yeye na wanakijiji wenzake walipaka kuta za udongo chokaa nyeupe. Nyeupe tupu. Picha zikaja baadaye, juu ya weupe ambao watu wenyewe walikuwa wameupaka. Kwa hiyo hata pa kuanzia panaweza kuwa pa wote, na hakuna aliyekasirishwa.


BintiMfinyanzi:

Kaka MchoraMabango, wote wameongea vizuri ila bibi mmemwacha njiani na kuni zake. Mimi namrudia bibi.

Amekuambia jambo la kiufundi, na wewe umelisikia kama lawama. Nafinyanga vyungu tangu nikiwa na miaka 9, na nikiona picha ya mfinyanzi najua kwa sekunde moja kama aliyechora amewahi kugusa udongo. Vidole gumba vinamsaliti. Wachoraji wengi wanachora mkono umeshika chombo. Anayejua kazi hashiki, anaongoza. Sasa chukua kinu cha kweli na mchi wa kweli, vipeleke mbele ya ule ukuta, umwombe bibi akae nawe asubuhi moja. Usimwombe akupe maoni kuhusu mchoro, hilo litamchosha. Mwombe atwange. Wewe chora mikono peke yake, karatasi kwa karatasi, usichore uso hata kidogo.

La pili, kaka yangu, jiulize kwa nini wewe ndiye unayechora. Usinielewe vibaya, kazi ni yako na unastahili malipo yako. Lakini kule Tiébélé, kusini mwa Burkina Faso karibu na mpaka wa Ghana, nyumba za Wakasena zinajengwa na wanaume na kuchorwa na wanawake. Mavuno yakishaisha na mvua imekoma, wanakaa pamoja, wakubwa na mabinti, wanakandika ukuta kwa mikono, wanapaka udongo mwekundu, nyeupe inatoka kwenye jiwe laini, nyeusi kwenye jiwe pia. Kisha wanasugua kwa kokoto laini, kwa muda mrefu mno, mpaka ukuta unang'aa. Mwishoni wanapaka maji yaliyochemshwa na maganda ya mbegu za nere, mti wa Afrika Magharibi, ndiyo vanishi yao. Unaona chatu, unaona mamba, unaona pembe nyingi zilizokaa kwa mstari ambazo kwao ni vipande vya kibuyu kilichovunjika. Makao ya kifalme ya pale yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Lakini mvua haisomi orodha. Picha zinafifia, zinarudiwa, na binti anajifunza kwa sababu kuna kitu cha kurudia. Kama zingekuwa za saruji na rangi ya miaka 50, binti angejifunza wapi?

Poland kuna kijiji kinaitwa Zalipie. Zamani majiko ya nyumba zao hayakuwa na bomba la moshi, kuta zilijaa masizi, wanawake wakawa wanaziba madoa kwa alama za chokaa, alama zikawa maua, maua yakatoka nje hadi kwenye visima na vibanda vya mbwa. Baada ya vita, mwaka 1948, yakaanza mashindano ya nyumba iliyochorwa vizuri kuliko zote. Mmoja wao, Felicja Curyłowa, aliyefariki mwaka 1974, hakuacha hata sehemu moja ya nyumba yake bila ua, na leo nyumba hiyo ni makumbusho. Yule hakuwa mchoraji aliyeitwa. Alikuwa jirani.

Kwa hiyo katika kuta zako 11, wape wenyewe hata 3. Wapigie lipu, wachanganyie rangi, wafundishe kukuza mchoro kwa mirabaraba, yaani kugawa karatasi na ukuta kwa miraba na kuhamisha mraba kwa mraba, kisha shuka kwenye ngazi.

Na hao vijana usiwaogope. Wawarli wa Maharashtra, India, walikuwa na ukuta wa harusi uliochorwa na wanawake walioolewa, kwa uji wa mchele juu ya udongo mwekundu, kijiti kilichotafunwa ncha kikiwa ndiyo brashi. Mtu kwao ni pembetatu mbili zinazogusana kwa ncha, na kichwa ni duara. Wachoraji wao wa sasa wanachora treni na baiskeli kwa pembetatu zilezile, na ukiangalia hujiulizi kama ni Kiwarli. Pikipiki itakaa ukutani vizuri tu kama mkono unaoichora ni ule uliozoea kinu.


MchoraMabango:

Wakuu, zimepita wiki 5. Samahani kwa ukimya. Nilikuwa nabandua saruji.

FundiChokaa, kuta 4 kati ya 11 zinalia kama ngoma. Moja nailoni ilijaa maji kwa usiku mmoja. Kamati ilinuna niliposema tusimame tungoje zikauke, ila nilipowaonyesha ile nailoni na matone yake wakanyamaza, na mzee mmoja akaleta jembe yeye mwenyewe akaanza mfereji. Nimejaribu kuchora kwenye lipu mbichi nyuma ya ghala la kijiji. La kwanza lilikauka kabla sijafika shingoni. La pili nilipiga eneo la ukubwa wa trei tu, likanipa muda. Ile rangi inavyoingia ukutani, jamani. Brashi inavutwa, kama ukuta una kiu. Miaka 14 nimekuwa nikipaka juu ya vitu. Hii inaingia ndani.

MwanaKamati, karatasi zimesainiwa zote 12. Mwenye nyumba ya saba kasema mwakani anatoboa dirisha upande wa kulia, tukachora mstari wa mkaa pale dirisha litakapokuwa, na picha itaishia hapo. Sura za watu halisi hakuna. Wazee walinitajia vitu viwili vya kutochora, sitavitaja hata hapa.

Dada NesiMhamaji, nilikaa kwenye kona jioni mbili. Nilichokuta sikukitarajia. Wale vijana ndio wanaobeba maziwa ya kijiji kizima kwenda barabarani alfajiri, madumu manne kwa kila pikipiki, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tairi za ndani. Mmoja alinionyesha fundo lake, nikamwomba alifunge na kulifungua mara sita mpaka nikalielewa. Niliipelekea kamati mchoro: bibi anakamua, maziwa yanaingia dumuni, dumu linafungwa kwenye pikipiki, vyote kwenye ukuta mmoja. Walibishana saa nzima. Umepita. Fundo litaonekana.

Sasa bibi.

Dada BintiMfinyanzi, nilifanya ulivyosema. Nilipeleka kinu. Alikuja siku ya pili baada ya kuombwa, na binti wa mwanawe akiwa na mchi mwingine. Nilikaa chini kwenye mkeka na mkaa na karatasi, nikachora mikono tu. Karatasi 20 na kitu za mwanzo zilikuwa takataka. Nilikuwa bado nachora ngumi.

Halafu nikaona. Mchi ukifika juu, vidole vinaushika. Ukianza kushuka vinafunguka, mkono unauzunguka tu kama bomba, mchi unateleza ndani yake na kuanguka kwa uzito wake wenyewe. Unapodunda ndipo vidole vinafunga tena, vinaudaka ukiwa tayari unapanda. Hakuna wakati wowote ambapo mkono na nafaka vinapambana. Mimi nilikuwa nimemchora yule wa kushoto mchi ukiwa chini kabisa na ngumi imekaza mpaka mishipa imetoka. Nilidhani hiyo ndiyo nguvu. Bibi akanyoosha kiganja chake nikakishika: kikavu, laini kama mti uliosuguliwa, bila sugu pale nilipozitegemea. Akasema, “Mchi hausukumwi, mwanangu. Unaachiwa.”

Nimepiga lipu mpya ya chokaa kwenye ukuta wa kwanza, kuanzia juu ya mkanda mwekundu. Yule wa kushoto nimemmaliza jana, vidole vimefunguka, mwanga unapita kati ya kidole na mchi. Ukuta wa tano na wa sita nimewaachia wanawake wenyewe. Huyo binti wa mwanawe ndiye anayepima mirabaraba, na ana jicho kali kuliko langu. Ukuta wa tatu wa kuwaachia bado hatujauchagua.

Leo asubuhi bibi alipita tena na kuni. Alizitua palepale. Alitazama vidole vya wa kushoto, akatikisa kichwa kukubali, nikafurahi kama mtoto. Kisha akamgeukia wa kulia, ambaye bado ni mchoro wa mkaa tu, akahesabu kitu kwa kidole hewani: juu, chini, juu, chini.

“Na hawa,” akasema, “mbona michi yote miwili iko chini kwa pamoja? Itagongana.”

Nimefuta wa kulia. Kesho nampandisha mchi wake.